Koti la Ukweni

Siku ile mjinga alikuwa Obura, na wala hatumwonei. Amekubali mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mkewe, jambo ambalo katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa halikuwa limewahi kutokea. Anachobishia ni saa tu. Mkewe, Phelister, anasema alikuwa mjinga tangu alipofungua macho asubuhi. Obura anasema hapana, ni kuanzia saa saba na nusu mchana, si dakika moja kabla. Tumpe hiyo asubuhi yake, tuone ataifanyia nini.

Obura alikuwa karani wa reli mpaka alipostaafu, na mtaani kwao Mowlem hakuna aliyemfikia kwa sheria za mavazi. Si mavazi; mavazi anayo machache. Sheria. Alijua kwamba kifungo cha chini cha koti hakifungwi hata kukiwa na baridi ya Julai. Alijua mshipi na viatu lazima viwe rangi moja kama watoto wa tumbo moja. Alijua tai inapaswa kukomea wapi, na ikipita hapo mwenye tai amekuwa mtu wa aina gani. Vijana wa mtaa waliokwenda kutafuta kazi za ofisini walipitia kwake kwanza kukaguliwa kama magari ya abiria. Mwenye soksi nyeupe na suruali nyeusi alirudishwa nyumbani bila rufaa.

Lakini sheria iliyozizidi zote hakuipata ofisini. Aliipata ukweni, tena kwa kuumia. Siku alipokwenda kwa kina Phelister mara ya kwanza, kijana wa miaka ishirini na saba, alikwenda na shati safi na moyo mweupe, bila koti. Wajomba wa Phelister walimsimamisha langoni. Hakutukanwa, hakufukuzwa, waliendelea tu kumwuliza hali ya barabara, hali ya mvua, hali ya Nairobi, wakiwa wamesimama katikati ya lango, hadi alipoelewa. Akarudi sokoni, akaazima koti la bawabu wa duka la mbolea, koti zito la usiku lililomfika vifundoni, akaingia nalo akinuka mbolea, akakaribishwa kama mfalme. Tangu siku hiyo alishika: ukweni huendi bila koti, na ukifika nalo hulivui. Ukila, koti. Jua likiwaka, koti. Paa likivuja, koti, tena hapo ndipo hasa.

"Mbele ya mama mkwe," alipenda kusema, "mwanamume ni koti. Ndani ya koti hakuna mtu."

Sasa Griffins, mtoto wa marehemu kaka yake, fundi wa stima, alitaka kumwoa Kavutha wa Kayole. Kavutha ni Mkamba, na kwao binti hata akivaa pete vidole vyote kumi bado hajaolewa, mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafikishwe kwa wazazi wake na mmoja wao achinjwe pale pale. Babake, mzee Musau, mchonga vinyago, alikuwa amewazungusha vijana hawa miaka miwili. Hakuwa na chuki na Griffins. Alikuwa hajamwona vizuri tu, na mzee Musau ni mtu wa kugeuza kigogo mara kumi kabla hajagusa patasi. Mwishowe akatoa siku moja, Jumamosi ya pili ya Februari.

"Wakichinja siku hiyo, nimekubali," alisema. "Wasipochinja, msinirudishie hayo maneno tena."

Kavutha akayafikisha yalivyo. "Griffo, ni hiyo siku ama basi. Na tafadhali, ambia Anko asilete siasa."

Obura, ambaye ndiye angekuwa msemaji, aliposikia alicheka kwa pua. "Siasa gani? Mimi nawapelekea heshima."

Basi Jumamosi ikafika, na heshima ikaanzia Kiamaiko, soko la mbuzi. Watu wenye akili huenda Kiamaiko na gambuti. Obura alikwenda na suti ya kijivu ya vipande vitatu na viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka ukajiona ndevu, akawa anaruka vidimbwi kwa vidole kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Griffins alimfuata, naye ndani ya suti ya sufu ambayo baba mdogo wake alikuwa ameichagua bila kuuliza Februari ni mwezi wa namna gani.

Wehliye, mwenye mbuzi, aliwatazama wakija.

"Mzee, unanunua mbuzi ama unaapishwa?"

"Tunaenda ukweni."

"Aa. Basi chukua hawa wawili wa kahawia, hawana maneno. Wa tatu chukua huyu mweupe."

Lakini jicho la Obura lilikuwa limeshatua kwingine. Pembeni alisimama beberu mmoja mweusi tititi, mwenye kifua cheupe kilichoshuka kutoka kooni hadi kati ya miguu ya mbele.

"Yule pale."

"Yule? Yule hapana. Huyo ni mkorofi, jana ameangusha mtu na mkokoteni wake."

"Mwangalie vizuri basi. Koti jeusi, shati jeupe. Soko lote hili, ni yeye peke yake aliyevaa."

Wehliye alimwangalia mbuzi, akamwangalia Obura, akaona hapa ndugu wamekutana. "Sawa, mzee. Lakini kamba zungusha mara mbili, na awe na mtu wa kumshika pembe mpaka mwisho. Nimesema mpaka mwisho."

Griffins alinyoosha mkono. Obura akamzuia. "Usimguse! Utamsalimia mzee Musau na harufu ya beberu?"

Kwa hiyo beberu alifungwa na dereva wa pikapu, mtu aliyekuwa na safari nyingine tatu siku hiyo na akili iko kwenye ya nne.

Walipofika Kayole, mzee Musau alikuwa amewasubiri nje ya lango la fleti. Obura alishuka, akarekebisha tai, akainua uso kutoa salamu aliyoifanyia mazoezi, na salamu ikamkauka mdomoni. Baba wa binti alikuwa amekunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko. Amejifunga aproni ya turubai. Miguuni, Mungu wangu, akala za tairi.

"Karibuni, karibuni sana!" mzee Musau alisema, akawapa mkono mmoja mmoja, kisha akainama, akambeba yule beberu mweusi mabegani mwake kama mtu anayembeba mjukuu, akaanza kupanda ngazi.

"Umeona?" Obura alinong'ona. "Wanatupima. Amevaa hivyo makusudi aone kama tutalegea."

"Ama amevaa hivyo kwa sababu kuna mbuzi wa kuchinja," Phelister, aliyekuwa amekuja nao, alisema, akashika mkoba wake akapita.

Sherehe ilikuwa juu kabisa, kwenye paa la zege wapangaji wanapoanikia nguo. Kamba zilikuwa zimeondolewa, turubai limetandazwa kutoka tangi moja la maji hadi jingine, viti vya kukodi vimepangwa. Kwenye ngazi ya mwisho Obura alimshika Griffins bega ampe sheria kwa mara ya mwisho.

"Koti halitoki. Mama mkwe humtazami usoni, wala humsogelei. Na ukiketi, umeketi. Bwana harusi hainuki ovyo."

"Na wakiniita?"

"Wataniita mimi, mimi nitakuita."

"Na nikitaka choo?"

"Choo ulikiacha Mowlem."

Wakaketi. Jua la saa saba lilipita kwenye turubai kana kwamba halikuliona. Upande wa wenyeji wanaume wote walikuwa wameweka makoti kwenye migongo ya viti, wamekunja mikono, wanapiga gumzo. Upande wa Obura palikuwa na suti mbili zinazotoa mvuke.

"Jameni, vueni makoti," mzee Musau alisema. "Mko nyumbani."

"Asante, tuko sawa kabisa," Obura alisema. Tone la jasho lilimwangukia kwenye tai. Aliliacha, kwani kujifuta kungekuwa kukiri.

Baada ya muda mzee Musau akarudi tena. "Bwana Obura, kwetu mtu akikataa kuvua koti tunajua ana safari nyingine."

"Na kwetu, mzee, mtu akivua koti ukweni tunajua hakulelewa."

Wote wawili wakacheka. Kicheko kile hakikuwafika machoni.

Mzee Musau akachukua kisu kutoka kwenye sinia. Mbuzi mweusi alikuwa amefungwa na dereva wa pikapu kwenye mguu wa tangi, na kando yake majani ya mgomba yametandikwa tayari. "Haya. Katika nyumba hii anayeoa ndiye anayeshika, na mimi nakata. Ndivyo nilivyomshikia babake mke wangu, Wavinya. Kijana, njoo."

Griffins alinyanyuka nusu. Kitu kikamrudisha chini: Obura alikuwa amekamata pindo la koti lake.

"Mzee Musau," Obura alisema kwa sauti ya ofisini, "tuna mtu wa kazi hiyo. Tuna dereva."

Kisu kikarudi kwenye sinia, polepole. "Dereva ndiye anaoa?"

Kule karibu na majiko Kavutha alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anamtazama Griffins kwa macho ya mtu anayehesabu miaka miwili ikiondoka. Griffins alimtazama baba mdogo wake. Ni mtu aliyemlipia karo, aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Miguu yake ilikuwa inataka kwenda na koti lilikuwa linashikwa. Ilikuwa saa saba na nusu kamili.

Wakati watu wote wakingojea nani atasema, beberu hakungoja. Kamba ilikuwa imezungushwa mara moja. Aliivuta, ikamfuata, akashika njia ya majikoni.

Na kutoka majikoni, wakati huo huo, alikuwa anakuja Wavinya, mama yake Kavutha, na beseni la maji ya kunawa. Fundi cherehani hakuwa amemaliza sketi yake ya sherehe, hivyo alikuwa amejifunga kitambaa chenyewe, kitenge cha manjano, kiunoni kama leso. Mbuzi alipita upande wake wa kulia. Kitenge kikapita na mbuzi. Beseni likaruka, maji yakaenda kwenye moto, majivu yakapanda, na moshi ulipotulia mama wa bibi harusi alikuwa ameketi chini sakafuni, mguu mmoja umekunjika chini yake, blauzi nzuri juu na shimizi peke yake chini, mbele ya wakwe.

Vijana wa upande wa wenyeji walikuwa wameshamkimbilia mbuzi, aliyekuwa anazunguka paa na kitenge kwenye pembe kama bendera ya nchi isiyojulikana. Wanawake walishika midomo. Obura peke yake ndiye aliyejua la kufanya, na alilifanya kwa sauti ya kusikika mpaka Spine Road.

"Griffins! Fumba macho! Geuka! Usiinuke! Humwangalii! Hapana kumwangalia!"

Yeye mwenyewe hakugeuka, maana lazima awepo mtu mmoja wa kusimamia utaratibu.

Griffins aligeuka. Hapo alitii. Aligeuza uso kabisa, akatazama ukuta wa jirani wenye madirisha. Kisha akainuka. Pindo la koti likabaki mkononi mwa Obura kwa sekunde moja, halafu likachomoka, kwa sababu kijana alikuwa anavua koti lenyewe. Akalishika nyuma ya mgongo wake kwa mikono miwili, akaanza kutembea kinyumenyume kuelekea kwa mama mkwe, macho bado kwa jirani. Aligonga kiti. Akakanyaga beseni.

"Kushoto kidogo, mwanangu," Wavinya alisema kutoka chini. "Hapo. Mwiko wa Kavutha huo, usiukanyage. Simama."

Akalichukua koti. Griffins hakusubiri shukrani. Alikimbia na shati lake lililolowa mgongo mzima, akamkuta beberu amebanwa kati ya tangi na ukuta, akamrukia na kumshika pembe. Mzee Musau alifika upande wa pili wakati huo huo. Wakaanguka wote watatu, mkwe, baba mkwe na mbuzi, na yule wa kifua cheupe ndiye aliyekuwa chini.

"Umemshika?"

"Nimemshika, mzee."

"Hiyo pembe usiiache."

"Siiachi."

Mzee Musau alikaa juu ya zege akihema, akamwangalia kijana, akaona mikono yenye makovu ya nyaya za stima. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu mpaka machoni. "Nileteeni kisu," alisema.

Na hapo ndipo Obura alipoinuka.

"Simamisheni kila kitu!"

Kisu kilisimama njiani.

"Baba Carolyne," Phelister alimwambia mumewe bila kugeuza kichwa, "keti."

"Siketi! Nimekaa kimya vya kutosha." Hakuwa amekaa kimya hata kidogo, lakini hiyo si hoja yake. "Mzee Musau, samahani, sisi tuna utaratibu. Kijana amevua koti ukweni. Si kulivua tu: amelipeleka kwa mama mkwe, na mama mkwe amelivaa. Jambo hili halijawahi kutokea. Sijui hata linaitwaje! Hatuwezi kuchinja juu ya kitu kama hicho. Tunashuka na mbuzi wetu, tunaita wazee kutoka nyumbani, tunalitengeneza, tunarudi mwezi mwingine."

"Nilisema leo," mzee Musau alijibu. Tabasamu lilikuwa limeshaondoka. "Sina mwezi mwingine."

"Anko, tafadhali," Griffins alisema, magoti yake juu ya mbuzi. "Tafadhali. Nakuomba."

"Wewe nyamaza, umeshatuaibisha vya kutosha."

"Mzee," Kavutha alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, "nilituma ujumbe. Nilisema tu usilete siasa. Kitu kimoja."

"Binti yangu, si siasa! Ningekuwa sikupendi ningenyamaza. Leo mnaona ni koti tu. Kesho wakipata mtoto akaugua kwa mwiko huu mtaniuliza, Obura, wewe ndiye uliyekuwa msemaji, kwa nini hukusema?" Na kweli, mtu angemsikiliza angejua alikuwa anaogopa. Alikuwa ameshika kola ya koti lake kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshikilia ukuta usimwangukie. "Mimi nilirudishwa langoni kwa kukosa koti! Nikaelewa. Sheria si mchezo."

"Ni mbuzi alimwangusha mama mtu," mzee Musau alisema. "Ungetaka amwache hapo chini?"

"Kuna wanawake hapa! Angefunikwa na wanawake wenzake!"

"Wangapi walimfikia?"

"Wangemfikia! Lakini si mkwe. Mkwe hapana. Jiwekeni mahali pangu, jameni. Mama wa watu amekaa chini mbele ya hadhara, na shimizi ya waridi, lesi yake imeshonewa na uzi wa buluu hapa pembeni ya goti, na kijana ambaye hajachinja hata mbuzi anamsogelea! Hiyo ni heshima? Niambieni, hiyo ni heshima?"

Phelister alifumba macho taratibu, kama mtu anayesikia sahani ikianguka katika chumba kingine.

Wavinya alikuwa ameketishwa kwenye kiti, mguu wake juu ya beseni lililopinduliwa, koti la Griffins limemfika magotini na mikono yake imemeza vidole vyake. Hakusimama. Alikunja mkono mmoja wa koti, akakunja wa pili, akamtazama msemaji wa wakwe kutoka kiatu hadi tai.

"Mzee Obura, muulize kijana shimizi yangu ni ya rangi gani, uone kama anajua. Aliyevua koti amenitembelea kwa mgongo. Wewe uliyekatalia ndani ya lako ndiye umeniangalia mpaka ukaufikia uzi."

Obura akaketi, na kisu kikaendelea na safari yake.